Mheshimiwa, ule ubao wa bei uko wapi?

Kwako Mheshimiwa uliyekabidhiwa bei za vyakula hapa Kigoma,

Shikamoo. Cheo chako sikitaji. Mwenyewe unajijua, na wenye maduka ya Mwanga wanakujua zaidi.

Mimi ni mama wa chai na vitumbua Kibirizi, pale kwenye maboti. Jumatatu nilinunua sukari, kilo moja kwa shilingi 3,500. Alhamisi naambiwa 4,000. Haya, nipimie mbili. Kijana akanijibu, "Mama, sukari haitoki peke yake, inatoka na sabuni ya mche." Mheshimiwa, vitumbua vyangu siviungi kwa sabuni.

Nikazunguka maduka matatu ya jumla. Mfuko wa kilo 50 ni 190,000 kote, kama watoto walioibiana majibu ya mtihani. Ushahidi kwamba walipatana sina. Lakini Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei. Kuna aliyekwenda kuwauliza?

Wenyewe wanasema mvua, mara dola, mara treni imechelewa. Wengine wanasema inavushwa Kongo usiku. Labda. Maboti nayaona, na siwezi kuyalaani, mabaharia wake ndio wanywaji wa chai yangu. Ila ni treni gani iliyochelewa kati ya Jumatatu na Alhamisi, ikapandisha hata mifuko iliyolala stoo tangu mwezi uliopita?

Januari 2024, mvua zilipoharibu uzalishaji viwandani, Serikali ilitangaza bei kikomo za sukari. Tulishangilia. Bei ikabaki redioni, sukari ikaingia chini ya kaunta. Baadaye ukaja sokoni na wapiga picha, ukashika mizani, ukaahidi ubao wa bei pale langoni "ndani ya wiki mbili". Picha ilitoka nzuri, shati limenyooka. Hizo wiki mbili sijui zinahesabiwa kwa kalenda ipi.

Mimi nimepunguza sukari kwenye chai. Mteja anaonja, ananitazama usoni, hasemi kitu, kesho simwoni. Nikipandisha kikombe kwa shilingi mia tu wote wanahamia kwa jirani. Ushindani huku chini upo, Mheshimiwa, sisi wa chai tunaumizana kwelikweli. Huko kwa wenye stoo ndiko haujafika. Na Jumamosi ni siku ya marejesho ya VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wenzangu hawataki kusikia habari za treni.

Siombi ruzuku. Siombi hata uamuru bei ishuke, maana ukiamuru sukari itapotea tena. Naomba ubao. Bei ya jumla ya siku hiyo, duka kwa duka, iandikwe pale langoni kila asubuhi. Mbona kwenye mafuta inawezekana? EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kituo hubandika bei yake barabarani. Mwenye gari anaisoma hata kabla hajashuka. Mimi wa kikombe nibahatishe mlango kwa mlango?

Ubao tu, Mheshimiwa. Kama fungu halipo, fundi wa maboti hapa kwetu amesema mbao atatoa yeye. Chaki nitanunua mimi. Wewe tuletee mtu wa kuandika, asiyewaogopa wenye stoo.

Mama Chai,
Kibirizi