Tunaponunua pikapu iliyotumika, tuulize ilikotumika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaase wakulima na wafanyabiashara wadogo wenzangu wanaojiandaa kununua pikapu zilizotumika. Huku Njombe, fedha za viazi zikishaingia mkononi, wengi hukimbilia yadi wakiwa na maswali mawili tu: je, ni Hilux, na imetembea kilometa ngapi? Kwa mtu anayetaka gari la kumbebea mzigo kwa miaka kumi ijayo, maswali hayo hayatoshi hata kidogo.

La kwanza liwe lilikotumika. Muuzaji akikwambia Hilux ya mwaka 2010 ilikuwa ikitembea Japani, mtilie shaka, kwa sababu Toyota iliacha kuuza Hilux nchini humo mwaka 2004 na haikuirudisha sokoni hadi Septemba 2017. Huenda gari hilo limetoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuzuia barafu, na chumvi hiyo hujipenyeza ndani ya chesesi ikaila taratibu huku bodi ikiendelea kung'aa. Pikapu za Nissan Navara za toleo la D40 zimewahi kukatika chesesi huko huko Uingereza kwa sababu ya kutu. Wala jina kubwa si kinga: mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kumaliza kesi ya chesesi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4.

Kwa hiyo nashauri fundi aanzie chini ya gari kabla ya kufungua boneti. Alale chali na nyundo ndogo, agonge chesesi juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikiliwa, kwa kuwa matope hutuama hapo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholika hutoa sauti butu na kudondosha magamba ya kutu. Akikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa chini kote, aikwangue aone inachoficha, na muuzaji asipokubali, mnunuzi aondoke.

Kilometa za kwenye dashibodi nazo zina njia ya kuzihakiki, na nasikitika kwamba wanunuzi wengi hawaijui. Kwa magari yaliyotumika England, Scotland na Wales, tovuti ya serikali ya Uingereza humwonyesha mtu yeyote, bila malipo, matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka kwa kuingiza namba ya usajili ya huko: umbali uliosomwa siku ya ukaguzi, kasoro zilizolifelisha gari na maonyo kuhusu kutu. Ikumbukwe pia kwamba dashibodi za huko husoma maili, hivyo 120,000 inayosomwa yadini kama kilometa ni karibu kilometa 193,000.

Kuhusu injini, nitaje moja inayopendwa sana, dizeli ya Toyota ya D-4D ya lita 3.0. Ni injini yenye nguvu, lakini sili za nozeli zake zikivuja, moshi hupenya kwenye oili na kuacha masizi yanayoziba chujio iliyo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, mpaka injini inakosa oili na kufa ghafla. Kufungua sampu na kuitazama chujio hiyo ni kazi ndogo ukilinganisha na bei ya injini nyingine. Gari liwashwe asubuhi likiwa la baridi, kisha lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo, maana difu na gia boksi mbovu hunyamaza gari likiwa tupu.

Nawaomba wenye yadi wampe kila mnunuzi nakala ya hati ya usajili wa nchi lilikotoka gari, yenye namba yake ya awali, kabla ya kupokea hata shilingi ya malipo ya awali, na wamruhusu aje na fundi wake mwenyewe. Mkulima anayekopa kwenye SACCOS kwa dhamana ya shamba anastahili kujua anachonunua, na hati hizo tayari wanazo.

Msomaji wako,
Makambako, Njombe