Kwa nini faili la usiku mmoja tunalifanyia kazi siku nne

Mwezi uliopita mteja mmoja aliondoka akiwa amekasirika katika ofisi yetu ya uchanganuzi wa takwimu hapa Wandegeya, Kampala. Alikuwa ameleta faili la Excel lenye majibu ya wafanyakazi wake 92, akitaka tumweleze ni jambo gani linaloshusha tija ya kampuni yake. Tulipomwambia kwamba kazi ingechukua siku nne na kumtajia bei, alijibu kwamba hatua chache kutoka mlangoni kwetu wapo vijana wanaoimaliza kwa usiku mmoja, kwa robo ya fedha hizo, na kwamba sisi tunauza ubonyezaji wa vitufe. Si wa kwanza kusema hivyo, na kwa kuwa huwa tunajieleza vibaya tukiwa tumesimama mlangoni, tumeona heri tuandike.

Kubonyeza kitufe, tukiri, huchukua sekunde mbili. Siku ya kwanza yote huisha katika kusoma faili mstari kwa mstari, na katika faili hilohilo tulimkuta mfanyakazi mwenye umri wa miaka 29 aliyedai kuwa kazini kwa miaka 34. Programu haishtuki kwa jambo kama hilo. Hulipigia hesabu pamoja na mengine na kukupa jedwali safi.

Ile idadi ya 92 nayo tuliitambua papo hapo. Katika jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo wanafunzi wengi wa vyuo vyetu hulinakili katika tasnifu zao, kundi la watu 120 hupewa sampuli ya watu 92. Jedwali hilo halina kosa, ila lilitengenezwa kwa ajili ya kukadiria sehemu ya watu wenye sifa fulani, kwa kosa lisilozidi asilimia 5, pale watu wanapochaguliwa kwa bahati nasibu. Mteja wetu alitaka kujua kama uongozi wa meneja wa tawi unaathiri tija, naye ana matawi sita, yaani mameneja sita. Wafanyakazi 92 wanaowazungumzia mameneja sita hawawageuzi kuwa mameneja 92, na anayewahesabu hivyo atapata thamani ya p (kipimo cha jinsi matokeo kama hayo yangeweza kutokea kwa bahati tu) ndogo ya kupendeza, isiyostahili kuaminiwa.

Njia ya mkato inayowagharimu wateja zaidi ni kuchapisha hojaji kwanza na kumtafuta mtakwimu baadaye. Kampuni moja ya usafirishaji ilituletea fomu zilizokwisha kujazwa, ambamo karibu kila dereva alikuwa amechagua 5, alama ya juu kabisa, katika kila swali, hata katika lile tulilolikuta limeandikwa kinyume, ambamo 5 humaanisha jibu baya. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba fomu ziligawiwa na kukusanywa na msimamizi wao mwenyewe. Alfa ya Cronbach, kile kipimo cha uthabiti ambacho watu hupenda kivuke 0.7, haiwezi kuugundua woga. Tena mtu yuleyule alikuwa ameulizwa siku ileile kama anaongozwa vizuri na kama anafanya kazi vizuri. Majibu hayo mawili yatakwenda pamoja kwa sababu tu ya hali ya moyo wake siku hiyo. Ilibidi tuanze upya kwa kutumia kumbukumbu za safari na za mafuta, na kampuni ikawa imelipia kazi moja mara mbili.

Kuna na kile kiwanda cha kusaga mahindi ambacho meneja wake alikuwa tayari kufuta mafunzo, kwa sababu waliohudhuria walikuwa wanatoa magunia machache kuliko wasiohudhuria. Yeyote angeweza kuchora grafu hiyo. Sisi tulikwenda kusimama kiwandani siku nzima (kazi ambayo wateja hudhani ni ziara), tukaona kwamba waliopelekwa mafunzoni wengi wao walikuwa wa mashine za zamani. Tulipoiingiza aina ya mashine kama kigeu kingine katika rigresheni (hesabu inayopima mchango wa kila jambo huku mengine yakizingatiwa), mafunzo yalionekana kusaidia. Hakuna programu ambayo ingetuuliza habari za mashine zisizokuwamo katika faili.

Wengine hutujia wakitaka njia ya DEA (Data Envelopment Analysis) kwa jina, kwa kuwa wameisikia semina. Ni njia nzuri: wazo lake lilianzia kwa Farrell mwaka 1957, kisha Charnes, Cooper na Rhodes wakaliendeleza mwaka 1978, nayo hupima kila tawi liko umbali gani kutoka kwa matawi yanayopata mazao, yaani matokeo ya kazi, mengi kwa rasilimali zilezile. Huo ndio ufanisi, ambao wateja huuchanganya na tija, yaani kiasi kinachozalishwa kwa kila saa au kila shilingi iliyotumika. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilikuwa na matawi tisa, kikataka tupime rasilimali tano na mazao manne. Kanuni ya kawaida hutaka matawi yasiyopungua mara tatu ya jumla ya vipimo hivyo, yaani 27, la sivyo karibu kila tawi huonekana kamili. Walisisitiza, tukawafanyia kwa masharti, na matawi manane yakapata alama kamili. Mwenyekiti alisema tumemwibia. Tulikuwa tumemwandikia onyo hilo kabla hajalipa, na nakala yake tunayo.

Ombi moja tunalikataa kwa bei yoyote: kuishusha p chini ya 0.05 ili ripoti ipendeze. Majina ya wafanyakazi nayo huwa tunayaondoa kabla ya uchanganuzi, jambo ambalo vijana wa usiku mmoja hawana muda nalo, ingawa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019.

Kwa hiyo njooni kabla ya kuchapisha hojaji. Kikao hicho cha kwanza hatukitozi. Leteni kitabu cha mahudhurio, risiti za umeme na rekodi za mauzo, hata kama zimechafuka. Yule mteja wa watu 92 alirudi Jumatatu akiwa amebeba daftari la stoo la miaka mitatu, lenye tarehe na saini kila siku, na ndani yake kuna mambo ya maana kuliko hojaji zake zote. Kazi tumeianza, kwa bei ileile.