Mabaki ya mkonge yawe gesi ya kupikia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu nishati safi ya kupikia, hasa kwa sisi wakazi wa Mkoa wa Tanga. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Agizo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Kinachonisikitisha ni kwamba mazungumzo yake huishia kwenye mitungi ya gesi inayoagizwa kutoka nje, ilhali Korogwe na Muheza zina malighafi ya gesi inayooza nyuma ya korona, yaani viwanda vya kusindika majani ya mkonge.

Asiyeijua kazi ya mkonge huenda asiamini, lakini katika uzito wa jani zima singa, yaani nyuzi zake, ni takriban asilimia 4 tu. Kila tani 1 ya singa tunayoanika huacha zaidi ya tani 20 za nyama ya jani na maji yake, ambayo kwa miaka mingi yamezoeleka kuachwa yatiririke hadi kwenye vijito vinavyoingia Mto Pangani. Huko hunyonya oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Na yale yanayorundikana yakakosa hewa hutoa methani, gesi ambayo, kwa kipimo cha miaka 100, huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 ya kaboni dayoksaidi yenye uzito uleule. Methani hiyohiyo ndiyo inayowaka katika jiko la bayogesi.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa, tena hapa hapa kwetu. Pale Hale, kampuni ya Katani, ikisaidiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Mazao, ilijenga mtambo uliotumia mabaki ya mkonge kuendesha jenereta ya kilowati 150. Inauma kwamba baada ya miaka yote hiyo korona nyingi bado zinamwaga.

Sisemi kwamba kazi ni nyepesi. Mabaki ya mkonge yana asidi, na tangi likilishwa kwa pupa bakteria hudhoofika na gesi hukatika, ndiyo maana kuyachanganya na samadi husaidia. Nyuzi fupi zilizoponyoka mashine huelea na kufanya utando juu ya tangi zisipochujwa mapema. Gesi yenyewe huja na salfidi ya hidrojeni, ambayo hula vyuma vya injini, ingawa kuipitisha kwenye chuma chenye kutu huipunguza sana. Kwa sababu hizo naona tuanze na majiko ya shule na ya makambi ya wafanyakazi yaliyo jirani na korona, umeme ufuate baadaye, maana jiko halina injini ya kuharibika na bomba fupi halihitaji mtambo wa kugandamiza gesi.

Liko pia suala la haki. Mkulima mdogo huuza singa kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, lakini mabaki ya jani lake hayana mwenyewe maadamu hayana bei. Siku yatakapopata bei, mwenye mashine atasema ni yake, na mkulima hatakuwa na karatasi ya kumjibu. Tope linalotoka kwenye tangi nalo ni mbolea nzuri, na linapaswa kurudi katika shamba lilikotoka jani.

Naiomba Bodi ya Mkonge, kwa kushirikiana na CAMARTEC ya Arusha, taasisi ya serikali ya zana za kilimo na teknolojia za vijijini, yenye uzoefu wa bayogesi tangu miaka ya 1980, ichague korona moja iliyo karibu na shule ya bweni na kuanza hapo. Mkataba wake utaje kwa maandishi mgawo wa mkulima katika gesi na katika tope, na usainiwe kabla bomba la kwanza halijalazwa.

Mkulima wa mkonge,
Korogwe, Tanga