Kabla ya kulipa kodi, pima mtandao

Mhariri,

Wengi wanaofanyia kazi nyumbani hapa Dar es Salaam hukagua maji na geti la nyumba mpya, kisha hulipa kodi ya miezi sita bila kupima mtandao. Hili linawaumiza sana. Nenda saa mbili usiku, watu wakiwa wengi mtandaoni, ukiwa na laini za kampuni mbili. Pima ndani ya chumba utakachofanyia kazi, mlango umefungwa, maana ukuta wa tofali za saruji na paa la bati hudhoofisha mawimbi hata kama barazani yanashika vizuri.

Ruta, kifaa kinachosambaza Wi-Fi, iwekwe juu, katikati ya nyumba. Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz hupenya ukuta vizuri kuliko ya 5 GHz.

Umeme ukikatika, betri ndogo ya ruta husaidia, lakini soma volti kwenye chaja yake kwanza: ruta ya volti 9 ikipewa 12 inaweza kuungua. Laptopu ikikutekenya vidole ikiwa kwenye chaji, mara nyingi soketi haina ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), mwite fundi. Na mkichangia LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja na wapangaji wengine, dai mita ndogo ya kwako, iandikwe kwenye mkataba.

Fundi umeme,
Kinondoni