Kabla ya Jumamosi

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa Buruburu hatujambo, ila nyanya yako magoti yanamsumbua kwa baridi hii. Nimeona niandike kwa sababu kwa simu tunaishia kubishana, na jambo lenyewe nataka ulisome mpaka mwisho: usiende kupiga filamu River Road Jumamosi bila kibali.

Uliniambia sheria ni za waoga. Unajua filamu niipendayo kuliko zote ni Tokyo Story ya Ozu, yule mwongozaji wa Japani, ya mwaka 1953. Mzee yule aliivuka ile kanuni yenu ya mstari wa nyuzi 180, kwamba kamera ibaki upande mmoja wa wanaoongea, alivyotaka. Watu wawili wanaongea, anahamisha kamera upande wa pili, na kila mmoja ni kama anakutazama wewe. Kamera yenyewe iko chini, usawa wa mtu aliyeketi mkekani. Wazazi wamekuja mjini kuwaona watoto, watoto wana shughuli, basi wanawapeleka Atami, mji wa pwani, eti wapumzike. Usiku kelele haziwapi usingizi. Asubuhi wamekaa kwenye ukuta kando ya bahari, wawili tu, wanasema heri warudi kwao. Hapo mimi hulia kila mara, na wewe hujakanyaga hapa tangu Pasaka.

Kanuni za namna hiyo vunja, mama, vunja zote. Katika filamu yako ya muuza mitumba uliacha kamera kwenye mikono yake ikikunja mashati, mteja tunamsikia tu hatumwoni. Nilijivunia, nikawaonyesha wenzangu wote wa chama chetu cha kuchangiana.

Lakini kibali ni kitu kingine. Sheria ya filamu, Sura ya 222, inataka leseni, na kanjo, wale askari wa jiji, au polisi wakitokea wewe una mdomo wa kujitetea. Je, kijana anayekubebea taa? Na msichana wa sauti? Wamekuamini, na mama zao hawanijui. Sheria ambayo ukiivunja utaumia peke yako, amua mwenyewe. Ile ambayo mwenzako ndiye atalala seli, hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Na usinitajie ile filamu ya Rafiki. Ilipigwa marufuku Aprili 2018, nami niliona wameionea. Ila mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alipotakiwa abadilishe mwisho alikataa waziwazi, akaenda kortini kwa jina lake, na Septemba jaji akairuhusu ionyeshwe kwa siku 7. Hakupitia uchochoroni.

Kama shida ni ada, sema. Zamu yangu ya chama ni mwezi huu, na mabati ya jikoni yanaweza kungoja. Watu wakusubiri wiki moja zaidi, River Road haihami.

Chaja ya kamera uliiacha juu ya friji. Ndugu yako atakuletea Ijumaa, pamoja na unga na sukuma wiki. Umrudishie ule mtungi wa gesi, wetu umeisha. Na umpe jibu la kibali, alilete kwangu jioni hiyohiyo.

Mama yako