Usinunue stata bado

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.

Kwako rafiki yangu Rajabu,

Salamu nyingi, na pole kwa usumbufu unaokupata. Barua yako nimeipata juzi jioni, nikafurahi kusoma kwamba mama anatembea tena, lakini habari ya Hiace kulala uani wiki ya pili huku machungwa ya Muheza yakibebwa na gari la kukodi imenikosesha raha. Umeniuliza kama umpe fundi fedha ya stata, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, na pampu ya mafuta, vyote kwa pamoja. Nakuomba usitoe hata shilingi kwanza, kwa sababu katika yote uliyonieleza sijaona mahali ambapo mtu amepima kitu chochote. Stata imeshukiwa kwa sauti, na pampu imeshukiwa kwa kuwa gari ni la zamani.

Umeandika kwamba gari “limegoma kuwaka”, nami ningependa tulipasue neno hilo vipande viwili. Ukigeuza ufunguo ukasikia “tak” moja tu, au injini ikazunguka kwa uzito kama mtu anayepanda mlima na gunia, tafuta kwenye betri, nyaya na stata. Injini ikizunguka kwa wepesi bila kushika, basi ama plagi hazipati moto, ama petroli haifiki. Kwako yanatokea yote mawili kwa zamu, na hilo halinishangazi, kwa kuwa betri iliyochoka inaweza kuzungusha stata kwa shida na papo hapo ikainyima koili, inayopandisha umeme wa plagi, umeme wa kutosha kutoa cheche.

Kwa hiyo azima mita ya umeme, uanze na betri asubuhi kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 ni karibu tupu. Kisha kijana ageuze ufunguo huku wewe ukitazama mita: betri yenye chaji ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, imechoka au kuna kitu kinachoivuta kupita kiasi. Ikibaki juu ya hapo na stata bado inasuasua, hapo ndipo ninapotaka uwe mwangalifu zaidi, maana mimi mwenyewe niliumia hapo.

Masika yale niliyokwama Mbagala Rangi Tatu, fundi alinibadilishia stata, nikalipa, na kesho yake gari likarudia “tak” ileile. Kilichonifungua macho ni waya wa akselereta, ule wa chuma unaokwenda kwenye kabureta inayochanganya petroli na hewa, ambao niliugusa kwa bahati baada ya kujaribu kuwasha mara kadhaa nikakuta ni wa moto. Umeme wa stata, ukikosa njia yake nzuri ya kurudi kwenye hasi ya betri, hujipitishia popote penye chuma. Nililala chini ya gari nikafungua nati ya waya mnene unaounganisha injini na bodi: nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, na nilipouvuta waya ukabaki mkononi. Kipande cha msasa, waya mpya na grisi kidogo viliimaliza kazi, na stata yangu ya zamani haikuwa na kosa lolote. Wewe uko Tanga, upepo wenu una chumvi kama wetu, kwa hiyo usiupite waya huo. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, na stata izungushwe. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umempata mwizi. Vibanio vya betri navyo visafishwe mpaka ving’ae, hata kama kwa macho vinaonekana vizuri.

Umeme ukikaa sawa na gari bado halishiki, chomoa plagi moja mara baada ya kujaribu kuwasha, uitazame na kuinusa. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayachomwi. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ni kipimo kisichohitaji kifaa chochote zaidi ya spana ya plagi, na sijui kwa nini mafundi wengi hukiruka.

Kama imelowa, subiri petroli ikauke, irudishe kwenye waya wake, chuma chake kiguse injini, mbali na mafuta yoyote, na mkono wako usiguse waya huo kwa sababu unabeba maelfu ya volti. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ya njano na nyembamba ni dhaifu, basi fungua kifuniko cha distribyuta, inayogawa moto kwa plagi, utazame unyevu, ufa na pointi (vigusio vya umeme vya ndani) zilizoungua. Kuna dalili moja zaidi: gari likishika ufunguo ukiwa umeukaza na likazimika pale tu unapouachia, angalia swichi ya ufunguo na rezista ya koili, inayopunguza umeme unaoingia humo, kwa kuwa katika magari mengi ya kabureta ya zamani koili hupata umeme kwa njia nyingine wakati stata inazunguka.

Kama plagi ni kavu, fungua boksi la filta ya hewa, chungulia koo la kabureta, na uvute akselereta kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Unatakiwa kuona petroli ikiruka kwa mshipa mwembamba. Isiporuka, chomoa waya unaoipa koili umeme, chomoa mpira wa mafuta unaoingia kwenye kabureta, uutie kwenye chupa ya kioo, na stata izungushwe. Pampu nzima hutema kwa mapigo. Isipotema, kagua filta, kisha mpira wote kuanzia kwenye tenki, kwa maana ufa mdogo upande wa kuvuta huifanya pampu ivute hewa, na fundi huihukumu pampu. Chupa hiyo iache itulie nusu saa. Maji yakiwemo yatajitenga chini.

Jambo moja nakuomba umkataze kijana wako kabisa: kumimina petroli kwenye koo la kabureta huku mwenzake akiwasha. Injini ikirudisha moto juu, uso wake uko hapo hapo.

Niandikie ujumbe kabla ya Jumamosi, unipe usomaji wa betri asubuhi, usomaji wakati wa kuwasha, ule wa kati ya hasi na injini, na unieleze plagi ilikuwa kavu au imelowa. Siku hiyo naingia Kariakoo, na kama ni waya wa hasi au mpira wa mafuta, nitanunua na kumkabidhi kondakta wa basi la Tanga la asubuhi.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Hamisi