Barua kwa Mwanangu: Timu Iliyotoka Hienghène

Doha

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa garini nasubiri abiria, na mara ya pili usiku chumbani, wenzangu walipokwisha kulala. Unasema umechoka kucheza Ligi Kuu ya Zanzibar kwa sababu ni ligi ya watu wanaojuana, jukwaani hukaa ndugu na majirani, na hata mkiutwaa ubingwa ulimwengu hautakuwa na habari nanyi. Kuhusu majukwaa matupu sina ubishi, kwani niliyaona kabla hujazaliwa. Hilo la ulimwengu kutokuwa na habari ndilo lililonifanya nichukue kalamu, kwa sababu nimewahi kukaa uwanjani nikiitazama timu ya ligi ndogo kuliko yenu.

Ilikuwa tarehe 11 Disemba 2019, katika uwanja wa Jassim bin Hamad hapa Doha, siku ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la Klabu. Mwenzangu mmoja wa kazini alikuwa na tiketi mbili, na mimi nilikwenda kwa ajili ya kumwona Xavi, kiungo wa zamani wa Hispania, ambaye wakati ule alikuwa kocha wa Al Sadd, klabu ya hapa Doha. Wapinzani wao sikuwahi kuwasikia. Waliitwa Hienghène Sport, jina ambalo kwa maandishi linamtisha mtu, ingawa wenyewe hulitamka kama Yengen, nao walitoka Kaledonia Mpya, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa.

Nilidhani watafungwa kumi. Bounedjah, mshambuliaji wa Al Sadd, alifunga bao la kwanza dakika ya 26, na watu waliokaa karibu nasi wakaanza kuhesabu yatakayofuata. Wakati wa mapumziko niliondoka kwenda kupanga foleni ya chai, foleni yenyewe ikawa ndefu, na nikiwa bado nimeshika sarafu mkononi nikasikia uwanja ukiguna, ule mguno unaotoka watu wanapoona jambo wasilolitarajia. Kipindi cha pili kilikuwa hakijamaliza hata dakika moja, na Antoine Roine wa Hienghène alikwisha kusawazisha. Bao pekee la wale niliowageukia kuwa wangu usiku ule sikuliona. Niliiona chai tu, na haikuwa na sukari ya kutosha. Baada ya hapo sikuinuka tena. Wale vijana walizuia hadi dakika tisini zikaisha wakiwa moja kwa moja, na Al Sadd, yenye wachezaji wa kulipwa na kocha aliyechukua Kombe la Dunia akiwa mchezaji, ikalazimika kuusubiri muda wa nyongeza ndipo ipate mabao mawili ya kuwatoa.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiifuatilia ligi yao, ambayo huitwa Super Ligue, na kila ninavyozidi kuijua ndivyo ninavyozidi kuiona kama ya kwetu. Wachezaji wake ni wa ridhaa, watu wenye kazi zao mchana. Hienghène ni wilaya ndogo ya Wakanak, wenyeji wa asili wa visiwa vile, iliyo pwani ya kaskazini mashariki ya kisiwa kikuu, umbali unaozidi kilomita 350 kutoka mji mkuu, Nouméa. Huko ndiko alikokuwa meya Jean-Marie Tjibaou, kiongozi wa Wakanak aliyeuawa mwaka 1989, na kwa hiyo jina hilo lilikuwa na uzito kwa watu wake kabla mpira haujalitangaza.

Majina ya klabu nyingine nayo yanasomeka kama ramani ya makwao. Katika kisiwa cha Lifou, alikozaliwa Christian Karembeu aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 1998 akiwa na Ufaransa, mna maeneo matatu ya machifu wa jadi, na yote matatu yana klabu zilizobeba majina yake: Wetr, Gaïtcha na Lössi. Kisiwa cha Tiga, ambacho wakaazi wake hawafiki hata mia mbili, nacho kina klabu yenye jina lake, Tiga Sport. Watu wa visiwa hivyo wengi wamehamia Nouméa kutafuta kazi, na wanapokwenda uwanjani wikiendi huwa wanakwenda kukutana na watu wa kwao. Hiyo ndiyo ligi ya watu wanaojuana, mwanangu, na mimi sioni kwa nini uliyaandika maneno hayo kama tusi.

Msimu wao wa 2019 ulikuwa wa ajabu. Katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Oceania, yaani ya klabu za New Zealand na visiwa vya Pasifiki, Hienghène waliwatoa Team Wellington ya New Zealand, waliokuwa mabingwa watetezi, huku AS Magenta ya Nouméa ikiwatoa Auckland City, nayo ya New Zealand, klabu iliyokuwa imelichukua kombe hilo miaka saba mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2017. Fainali ikawa ya timu mbili za ligi moja, tarehe 11 Mei, katika uwanja wa Numa-Daly, Nouméa. Watu wa Hienghène ilibidi wateremke kisiwa karibu chote ili waione timu yao. Roine, huyo huyo, akafunga bao pekee la mchezo, na kwa mara ya kwanza kombe likaenda kwa klabu ya Kaledonia Mpya. Ubingwa huo ndio uliowaleta Doha, na miezi saba baadaye wakawa mbele ya macho yangu.

Najua utanijibu kwamba wao wana FIFA na sisi hatuna. Ni kweli, na jambo hilo linaniuma kama linavyokuuma. Kaledonia Mpya si nchi huru, lakini ilipokelewa FIFA mwaka 2004; Zanzibar ilipewa uanachama wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017, tukashangilia barazani hadi usiku, na Julai ya mwaka ule ule ukafutwa kwa hoja kwamba sisi si nchi. Anayeweza kunieleza tofauti hiyo kwa lugha ya haki bado sijamwona. Hata hivyo klabu ya Zanzibar inayochukua ubingwa huingia mashindano ya klabu ya Afrika, kwa hiyo mlango ambao Hienghène walipitia, wa klabu, kwenu haujafungwa.

Kama umechoka kwa sababu ya goti, au kwa sababu kazi na mazoezi vinagongana, niambie, nitakuelewa, na hata mama yako nitamweleza mimi. Usiache kwa sababu ya majukwaa.

Tiketi ya usiku ule nilikuwa nimeihifadhi ndani ya pasipoti, nami nimeitia katika bahasha hii. Wino umefifia, lakini majina ya timu zote mbili bado yanasomeka. Mwoneshe mdogo wako, umfundishe kulitamka hilo la pili.

Baba yako